Mume Mwenzangu Yuko Kozini

3 Machi

Kwa Bwana Mdogo, mume mwenzangu,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Mimi mzima isipokuwa magoti, ambayo yalijitangazia uhuru wake tangu mwaka juzi. Mke wetu hajambo kidogo. Anakohoa, na akimaliza kukohoa ananigombeza, kwa hiyo hapati nafasi ya kuugua vizuri.

Sasa nieleze. Umekuja hapa na begi, umekula, umefuta mdomo, ukasema, "Babu, naenda kozi ya udereva nje, miezi sita." Nikakuuliza nje ipi, ukatazama dari. Bibi yako akakuuliza, ukamtazama paka. Mtu umeendesha malori ya jeshi tangu ndevu hazijaota, leo unapelekwa nje kufundishwa usukani? Labda huko malori yanapandwa mgongoni. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mwalimu alisema nacheka bila sababu, kumbe sababu ilikuwa yeye mwenyewe. Na hii kozi yako inanitekenya vilevile.

Nina maswali matatu. Yajibu kwa mpangilio kama uko kizimbani. Kwanza, nchi gani. Pili, unakula nini. Hili ni la mke wetu. Tatu, na ndilo kubwa: ile soli ya tairi niliyokupigilia kwenye buti, inashika au inateleza? Fundi viatu akifa bila kujua kazi yake imefika wapi, hafi vizuri.

Anwani niliyopewa ni sanduku la posta la kikosi tu. Wanasema wao watakufikishia.

Wako kwa wivu,
Bwana Mkubwa


20 Machi

Mpendwa Babu, mume mwenzangu,

Mimi mzima wa afya njema. Kozi inaendelea vizuri. Hali ya hewa ni nzuri. Chakula kinatosha na walimu wetu ni wakarimu. Usiwe na wasiwasi wowote.

Mwambie mke wangu asiyaamini maneno yako. Nikirudi namhamisha moja kwa moja. Wewe tafuta mwingine wa rika lako, kama wapo waliobaki.

Wako,
Bwana Mdogo


4 Aprili

Bwana Mdogo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili nikitafuta majibu. Nakuuliza nchi, unanijibu hali ya hewa. Nakuuliza soli, unanisifia walimu. Umeanza kujibu kama shangazi yako. Tangu wananchi wamchague na wenzake wamtie kwenye ile kamati ya ulinzi, binti yangu ukimuuliza saa ngapi anakwambia suala hilo linafanyiwa kazi.

Niache mzaha kidogo. Kikohozi cha mke wetu kimeshuka kifuani. Tumempeleka hospitali, kapewa kitanda cha dirishani. Nimemsomea barua yako palepale. Nilipofika hapo pa kumhamisha, alicheka mpaka nesi akaja kutuonya kama watoto. Akasema, "Mwambie mizigo nitafunga, lakini aseme kwanza anakula nini."

Basi andika, tena andika vizuri. Anaingoja barua yako kuliko dawa.

Bwana Mkubwa


20 Aprili

Mpendwa Babu,

Mimi mzima wa afya njema. Kozi inaendelea vizuri. Mvua hakuna, jua ni la kiasi. Tumefanya majaribio na nimefaulu.

Mwambie mke wangu aache kubeba ndoo, hiyo ni kazi yako. Akiendelea kukupikia vizuri hivyo utanenepa, na mimi sitaki kugombana na mtu mnene.

Wako,
Bwana Mdogo


26 Aprili

Mume mwenzangu,

Tumeachwa sote wawili. Mke wetu alifariki Jumatatu asubuhi, nesi akiwa anamchana nywele.

Barua hii naiandika bila mzaha. Ukiuona humo, ujue umeingia wenyewe kama panya.

Nilipiga simu kikosini, sauti ikaniambia ujumbe umepokelewa. Shangazi yako naye akapiga kwa wakubwa zake. Tukakungoja, tukakungoja, mpaka majirani wakaninong'oneza kwamba maiti haingoji kozi. Tumemzika karibu na ukuta, palipo na kivuli. Ubavuni pake imebaki nafasi moja, na nakuonya mapema kwamba ni yangu. Hapo nimekushinda. Sikujua ushindi una ladha mbaya hivi.

Niandikie. Ukishindwa maneno mengi andika "pole", ni herufi nne tu.

Babu yako


20 Mei

Mpendwa Babu,

Mimi mzima wa afya njema. Kozi inaendelea vizuri. Hali ya hewa ni nzuri.

Mwambie mke wangu nimemwonea kitambaa cha maua, ila asikuonyeshe utaona wivu. Na aniwekee ule mto wangu, usiulalie wewe na mate yako. Mbusu mkono kwa niaba yangu, lakini usizidishe.

Wako,
Bwana Mdogo


23 Mei

Mheshimiwa mwanangu,

Nakuletea habari za mtoto wa marehemu kaka yako. Nilipoisoma barua yake ya juzi nilitaka kumlaani. Mama yako yuko ardhini, yeye ananiagiza nimbusu mkono! Nikashika kalamu nikaanza laana moja ya kizamani, nzuri sana, ya kumkausha mtu mpaka kucha. Halafu nikanywa maji. Mtoto yule nimemlea mimi. Ana ujinga mwingi lakini huo hana.

Nikazitandaza barua zake zote juu ya meza ya kazi, katikati ya viatu vya watu. Ya Aprili ina alama ya chai ukingoni, nusu duara. Ya Mei nayo ina nusu duara, ukingo wa pili. Nikazisogeza zikagusana, duara likafunga. Kikombe kimoja, mwanangu. Kikombe kimoja kilikaa juu ya Aprili na Mei kwa wakati mmoja. Ni chai gani hiyo inayonyweka mwezi mzima?

Aliziandika zote kwa siku moja, kabla hajaondoka. Sasa kuna mtu anakaa nazo na kunipa moja moja, kama vidonge. Na zangu hazimfikii. Hajui kama tumefiwa.

Wewe uko kwenye kamati. Siri za nchi siziombi, nchi ikae na siri zake. Mimi namwomba mtoto mmoja. Yuko wapi? Yuko hai?

Baba yako


1 Juni

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeipata. Nakuomba usiandike tena mambo hayo, na usiyaseme mbele ya wateja. Kwa nafasi niliyo nayo siwezi kuthibitisha wala kukanusha. Mtoto anaendelea na kozi.

Unakula? Dawa ya magoti imeisha? Kuna yule mama wa kufua, nimemwambia apite kila Jumamosi.

Binti yako


2 Julai

Ndugu Mzee,

YAH: MAENDELEO YA MJUKUU WAKO

Rejea barua yako ya tarehe 8 Juni. Napenda kukufahamisha kuwa mhusika yuko kozini na ni mzima wa afya. Ofisi imeshangazwa na wasiwasi wako, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha unapokea barua zake kila mwezi. Barua hizo ni uthibitisho wa kutosha.

Kny: Mkurugenzi, Ustawi wa Askari


6 Julai

Mheshimiwa,

Nimejibiwa na Bwana Kny. Huyu bwana nampa pole. Tangu nijue kusoma, kila barua ya serikali kaitia saini yeye: ya kodi, ya kiwanja, ya kunyimwa kiwanja. Hana likizo? Hana mke wa kumwambia pumzika?

Ananiambia mtoto yuko hai kwa sababu ananiandikia. Nami najua hizo barua ziliandikwa kabla. Kwa hesabu yake, mtu akiacha barua za kutosha hafi.

Jana nimesikiliza redio. Malori yamechomwa ng'ambo ya mpaka. Waziri wako akasema ni ya mamluki wasiojulikana, kwamba sisi hatuna askari hata mmoja nje ya mipaka yetu. Hata mmoja! Sasa huyu wangu aliye kozini nje, yuko nje ya nini?

Mwanangu, ukiniandikia tena hiyo ya kuthibitisha wala kukanusha, nakuja Bungeni na nyundo yangu, nakaa kwenye viti vya wageni, na kila ukisimama napiga msumari mmoja.

Baba yako


14 Julai

Baba,

Barua hii anakuletea dereva wangu mkononi. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Mwezi wa pili tuliitwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Simu tuliziacha mlangoni ndani ya kikapu. Tukapewa karatasi, tukaachiwa dakika chache za kusoma, zikakusanywa. Ilihusu kikundi kidogo cha usafirishaji kwenda kuwasaidia watu fulani katika nchi jirani. Watu gani, hatukutajiwa. Siku tisini, basi. Mwenzetu mmoja aliuliza sheria inasemaje, mwenyekiti akamwambia chai inapoa. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Baba.

Mimi niliuliza familia zao zitaambiwa nini. Afisa akatabasamu, akasema, "Mheshimiwa, mawasiliano na familia yamekwisha kuandaliwa." Nikaona, kumbe ni watu wenye utu. Nikanyanyua mkono.

Sikujua kama yumo. Alipokuja kutuaga pale nyumbani na kutaja kozi ya udereva, ndipo nikajua. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Mama alikuwa anamwongezea mchuzi. Nikamwambia safari njema.

Siku tisini zimeisha na hawakurudi kutuomba nyingine. Juzi nilimfuata mwenyekiti koridoni, nikamuuliza kama malori yale ni yetu. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia, akasema, "Kwani kuna kikao gani kilikaa, Mheshimiwa?" Hakikufanyika, Baba. Karatasi hakuna, kumbukumbu hakuna. Nikisimama Bungeni kuuliza, nitashtakiwa kwa kutoa siri ya jambo ambalo wao wenyewe wanasema halipo.

Yule mwenzetu aliyeuliza sheria amenong'onezwa kwamba kwenye malori hayo hakutoka dereva hata mmoja. Miili haitaletwa, maana ikiletwa itabidi iwe imetoka mahali.

Sina kitu cha kukuonyesha. Nina maneno haya tu, nayo utayachoma.

Binti yako


20 Julai

Mwanangu,

Nimeichoma kama ulivyosema, nikaunguza na kidole, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Ulinyanyua mkono gani? Kama ni wa kulia, huo niliushika mimi ukiwa mdogo nikauongoza kwenye kibao cha kuandikia, ukawa unalia hutaki. Ningejua ningekuacha ulie.

Nimejaribu kukuchukia siku nzima. Kazi ngumu sana, na mimi mvivu. Halafu nikatazama viti vya nyumba hii, nikaona walioondoka wanatosha.

Ila niambie, kilio nikilie wapi? Nikilia barazani watauliza, nikisema nimefiwa wataomba maiti. Mteja kaja na kandambili yake, kauliza, "Mjukuu je?" Nikasema yuko kozini nje. Akanipa mkono, "Hongera, Mzee!" Nimefiwa, napewa hongera, tena kwa kandambili ambayo hajalipia.

Nilikwenda kwa Bwana Kny mwenyewe. Hayupo, yupo mama mmoja mpole wa mapokezi. Kafungua faili, kasoma, kanitazama kwa huruma ya kweli. "Mzee wangu, barua zake si unazipata?"

"Nazipata."

"Basi."

Nikaichukua hiyo basi yake nikarudi nayo nyumbani kwa miguu. Ya Juni ilishakuja na leo imekuja ya Julai. Hali ya hewa ni nzuri.

Baba yako


20 Agosti

Mpendwa Babu, mume mwenzangu,

Mimi mzima wa afya njema. Kozi inaelekea ukingoni na hii ndiyo barua ya mwisho.

Najua mpaka sasa umeshauliza habari ya soli mara kumi. Inashika, Babu. Hata pale nilipodhani nitateleza, imeshika.

Mke wangu nakuachia kwa muda tu. Usizoee.

Wako,
Bwana Mdogo


2 Septemba

Mwanangu,

Ya mwisho imefika, nakuletea uisome halafu unirudishie, hiyo sichomi.

Nimekaa nayo nikamwona yule mtoto. Wamemkalisha mezani na kikombe chake cha chai, kuna mtu kamsimamia, anamwambia haya, sasa andika ya Agosti. Naye kashika kalamu akafikiri: Agosti yule mzee atakuwa anauliza nini? Akanijibu. Niliowauliza mwaka huu ni wengi, wengine wana magari ya bendera. Aliyenijibu ni yeye peke yake, tena kabla sijamuuliza.

Haya, la kwangu sasa. Daktari kanisikiliza kifua, kasema maneno marefu. Nimeyafupisha kifundi: kiatu hiki hakishiki uzi tena. Usianze kulia, sina nafasi ya kukubembeleza, nina kazi.

Kazi yenyewe hii. Uzeeni huku serikali imenifundisha ufundi mpya. Kumbe mtu anaweza kuandika leo akasomwa keshokutwa, na wakubwa wakaapa kwamba ni mzima! Basi nimeandika. Barua ziko ndani ya boksi la buti, mvunguni. Zote ni za Bwana Kny, na zote zina swali moja: mjukuu wangu yuko wapi? Nyingine nimezitia maneno ya mvua, nyingine ya jua. Chagua kwa kutazama dirishani, usije ukapeleka ya mvua watu wanapakwa vumbi. Kikombe nilikiweka mbali.

Kila mwezi utie moja posta. Najua haitamtoa mtoto alipo. Bwana Kny ataisoma, ataitia kwenye faili, ataenda kula. Lakini nilimwambia mke wetu nitauliza mpaka nijibiwe, na yule mwanamke ukimwahidi jambo halafu ukamfuata mikono mitupu, hakuna pa kulala.

Wewe kiapo chako cha siri hutakivunja. Unatia posta barua ya baba yako, nani atakushtaki? Utumie mkono ule ule.

Baba yako


5 Juni

Mheshimiwa,

YAH: BARUA ZA MZEE WAKO

Ofisi inaendelea, tangu mwaka jana, kupokea kila mwezi barua za Mzee wako zenye swali lilelile, ambalo lilikwisha kujibiwa. Katika barua ya mwezi huu ameuliza pia kama Bwana Kny amepata likizo. Hapa ofisini hatuna mtumishi wa jina hilo.

Tunakuomba umshauri aache kuandika na afike ofisini mwenyewe kwa mazungumzo.

Kny: Mkurugenzi, Ustawi wa Askari


12 Juni

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: BARUA ZA MZEE WANGU

Rejea barua yako ya tarehe 5 Juni. Napenda kukufahamisha kuwa mhusika hataweza kufika ofisini kwa sababu yuko kozini. Kozi yake ni ndefu. Yuko ubavuni pa mama yangu, karibu na ukuta, palipo na kivuli.

Ni mzima wa afya njema. Hali ya hewa ni nzuri. Ofisi isiwe na wasiwasi wowote.

Barua zake si mnazipata?

Binti yake